Vivimbe vya kongosho: Kupasua au kufuatilia, mgonjwa anapoishi Lafey

MTU anapopigwa picha ya tumbo kwa sababu ya mawe ya figo, ajali ya barabarani au maumivu ya mgongo, huenda akarudi nyumbani na habari ambayo hakuitarajia: kongosho lake lina kivimbe chenye majimaji. Hakimuumi, hakijamkosesha hamu ya chakula, na pengine amekaa nacho miaka mingi bila kujua. Hata hivyo karatasi ya majibu inaeleza kuwa baadhi ya vivimbe vya aina hiyo hugeuka saratani, na kwamba mgonjwa arudi baada ya miezi sita apigwe picha nyingine.

Kwa mkazi wa Nairobi, agizo hilo ni usumbufu tu. Kwa mkazi wa Lafey, mji mdogo wa Kaunti ya Mandera ulio kati ya Elwak na mji wa Mandera, kando ya mpaka wa Kenya na Somalia, agizo hilo hilo ni safari ya karibu kilomita 1,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, tena kwa miaka isiyojulikana idadi yake. Ndiyo maana Kaskazini Mashariki swali la kama kivimbe kifuatiliwe au kiondolewe haliwezi kujibiwa kwa kusoma vipimo peke yake. Umbali nao ni kipimo.

Kongosho ni tezi yenye urefu wa sentimita 15 hivi, iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo mwembamba na mkia wake unafika kwenye wengu. Hufanya kazi mbili: hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo hupita katika mfereji hadi utumboni, na hutengeneza insulini na homoni nyingine zinazotawala kiwango cha sukari katika damu. Kwa kuwa limejificha ndani sana, ugonjwa wake huchelewa kujulikana. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonyesha kuwa mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na katika mwaka huo huo watu wapatao 467,000 walikufa kwa maradhi hayo. Ni saratani chache ambazo idadi ya wanaokufa inakaribia hivyo idadi ya wanaougua.

Kivimbe kinachoonekana mapema, kabla ya kugeuka, ni mojawapo ya nafasi chache za kuizuia saratani hiyo. Hapo ndipo thamani ya ufuatiliaji ilipo, na hapo pia ndipo ulipo mtego wake, kwa sababu vivimbe vingi havitageuka kamwe, na upasuaji wa kongosho ni miongoni mwa upasuaji mzito kuliko wote wa tumbo.

Vivimbe si vya namna moja

Jambo la kwanza ambalo daktari hutafuta kujua ni aina ya kivimbe. Vipo vinavyotokana na kuvimba kwa kongosho lenyewe, mara nyingi kwa sababu ya mawe ya nyongo, pombe au kuumia tumboni. Hivyo havina utando wa kweli wala havigeuki saratani, na vingi hunywea vyenyewe baada ya wiki kadhaa. Vipo pia vyenye majimaji mepesi, ambavyo picha huvionyesha kama sega la nyuki. Navyo karibu vyote ni salama, na huguswa tu iwapo vimekua kiasi cha kubana viungo vingine.

Vinavyotia hofu ni vile vyenye ute mzito. Kimoja ni kile ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi MCN. Hicho huwapata karibu wanawake peke yao, wengi wao wa umri wa kati, hukaa sehemu ya katikati au mkiani mwa kongosho, na kwa kawaida huwa kimoja tu. Kingine ni IPMN, ambacho kilianza kuelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1982. Hiki huota ndani ya mifereji ya kongosho. Kikiwa katika mfereji mkuu, hatari ni kubwa: katika wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu wamekutwa tayari na saratani au na mabadiliko yaliyo ukingoni mwa saratani. Kikiwa katika tawi la mfereji, na kikawa kidogo kisicho na dalili mbaya, hatari ni ndogo sana, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 kwa mwaka.

Vivimbe hivi vidogo vya matawini ndivyo vinavyoonekana kwa wingi siku hizi, si kwa kuwa maradhi yameongezeka, bali kwa kuwa mashine zimeongezeka na kuona vizuri zaidi. Katika tafiti za nchi zenye mashine nyingi za MRI, mtu 1 kati ya 10 miongoni mwa waliopita umri wa miaka 70 hukutwa na kivimbe cha kongosho, au hata zaidi ya hapo.

Kwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja tu. Tegu wa mbwa husababisha ugonjwa wa hidatidi, ambao hujenga mafuko ya maji ndani ya mwili wa binadamu, hasa kwenye ini na mapafu. Turkana ilijulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika kuliko zote duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti, likawapima watu kambini kwa mashine za ultrasaundi zinazobebeka. Fuko la hidatidi katika kongosho ni nadra sana, lakini likitokea hufanana na kivimbe cha ute kiasi cha kumdanganya mtaalamu. Kifua kikuu cha kongosho nacho, ingawa si cha kawaida, kimewahi kuwadanganya madaktari vivyo hivyo.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Fuko la hidatidi likichomwa sindano bila maandalizi, maji yake yanaweza kumwagika ndani ya mwili, yakasambaza ugonjwa au kumletea mgonjwa mshtuko wa mzio unaoweza kuua. Kwa hiyo mfugaji aliyeishi na mbwa na mifugo anapaswa kumweleza daktari jambo hilo kabla ya sindano yoyote, na daktari asiyeuliza anapaswa kukumbushwa. Kipimo cha damu na picha ya ini husaidia kuondoa shaka, ijapokuwa kipimo hicho cha damu nacho hukosea mara nyingine.

Ni vyema kuongeza kwamba tajiriba ya hidatidi iliwafundisha madaktari subira mapema. Katika uainishaji uliotolewa na wataalamu wa WHO mwaka 2003, mafuko yaliyokufa na kukauka hayapasuliwi wala kupewa dawa; hutazamwa tu kwa ultrasaundi. Wazo la kukiacha kivimbe na kukiangalia, kwa hiyo, si geni kaskazini mwa Kenya.

Ufuatiliaji hufanywaje

Ultrasaundi ya kawaida, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na wananchi tangu mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kukodisha vifaa vya tiba kwa hospitali mbili katika kila kaunti, haitoshi kwa kongosho. Hewa ya tumboni huliziba. Picha ya CT huonyesha zaidi, na MRI ndiyo bora kwa sababu huonyesha kama kivimbe kimeungana na mfereji, tena haitumii mionzi, jambo la maana kwa mtu atakayepigwa picha mara nyingi. Mashine za MRI zipo Nairobi na katika miji mingine michache mikubwa.

Kipimo cha kina zaidi ni cha endoskopi yenye ultrasaundi nchani, ambayo hupitishwa mdomoni hadi tumboni na kulitazama kongosho kwa karibu sana. Kwa njia hiyo daktari huweza kuvuta majimaji kwa sindano nyembamba. Kiashiria kiitwacho CEA kikizidi nanogramu 192 kwa mililita ya majimaji hayo, au sukari ikiwa chini sana, uwezekano ni mkubwa kuwa kivimbe ni cha ute. Hata hivyo CEA hueleza aina ya kivimbe, haielezi kama kimeshageuka saratani, na wagonjwa wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kipimo hiki hufanywa katika hospitali chache tu nchini, tena hakihitajiki kwa kila mgonjwa.

Miongozo ya kimataifa imebadilika mara kadhaa: wa Sendai wa 2006, wa Fukuoka wa 2012 uliorekebishwa 2017, wa Ulaya wa 2018, na wa Kyoto wa 2024. Kwa mujibu wa mwongozo wa Kyoto, IPMN ya tawini isiyo na dalili za hatari na iliyo chini ya milimita 20 hupigwa picha baada ya miezi 6, kisha kila miezi 18 ikiwa haijabadilika. Iliyo kati ya milimita 20 na 30 hupigwa picha mara mbili kwa kila miezi 6, kisha mara moja kwa mwaka. Iliyofikia milimita 30 au zaidi hutazamwa kila miezi 6.

Zipo dalili zinazokatiza ratiba hiyo. Macho na ngozi kuwa vya manjano kwa sababu ya kivimbe kilicho kichwani mwa kongosho, nundu ya nyama ya milimita 5 au zaidi ndani ya kivimbe, mfereji mkuu uliopanuka kufikia milimita 10, au chembe za saratani katika majimaji yaliyovutwa: kila moja kati ya hizo humpeleka mgonjwa mwenye nguvu za kutosha kwa daktari wa upasuaji. Nyingine huwa ni za kutilia shaka na kuchunguza zaidi, kama vile kivimbe kukua kwa milimita 2.5 au zaidi kwa mwaka, kongosho kuvimba kwa maumivu makali, au kisukari kuanza ghafla ama kuharibika bila sababu. Hiyo ya mwisho haihitaji mashine ya Nairobi. Kipimo cha sukari hupatikana katika zahanati, na kwa mtu mwenye kivimbe kinastahili kufanywa mara kwa mara baina ya safari moja ya picha na nyingine.

Umbali unapoingia katika hesabu

Ratiba ya miezi sita huchukulia kuwa barabara ipo wazi. Katika Kaunti ya Mandera haikuwa hivyo siku zote. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa na Al-Shabaab na abiria 28 wakauawa. Baada ya hapo watumishi wengi kutoka sehemu nyingine za nchi, wakiwemo wahudumu wa afya, waliondoka katika kaunti hiyo. Tarehe 12 Aprili 2019, madaktari wawili wa Kuba, Landy Rodríguez, ambaye ni mpasuaji, na Assel Herrera, tabibu wa magonjwa ya jumla, walitekwa nyara mjini Mandera wakiwa njiani kwenda kazini, na wenzao waliokuwa katika kaunti za mpakani wakaondolewa. Februari 2024 kundi hilo lilidai kuwa wawili hao waliuawa katika shambulio la anga la Marekani mjini Jilib, Somalia. Ndege huruka kati ya Mandera na Nairobi, lakini nauli yake si ya mfugaji wa kawaida, hasa mwaka wa ukame ambapo mifugo imekufa au haina bei.

Mgonjwa anayekosa picha moja hajapoteza mengi. Anayekosa nne amepoteza maana yote ya kufuatiliwa, naye hurudi hospitalini macho yakiwa ya manjano. Kwa sababu hiyo daktari mwenye busara huuliza mapema: mgonjwa huyu anaweza kweli kurudi?

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 38 mwenye MCN ya milimita 35 mkiani mwa kongosho. Wataalamu wenyewe hawakubaliani juu yake. Mwongozo wa Ulaya unaruhusu kufuatilia hadi kivimbe kifike milimita 40, ilhali ule wa Fukuoka wa 2012 ulipendekeza kukiondoa kwa kila mgonjwa anayeweza kustahimili upasuaji. Kikiondolewa na kukutwa hakijawa saratani, kwa kawaida jambo limekwisha. Hahitaji tena picha za kila mwaka. Mbele yake kuna ama upasuaji mmoja au miongo kadhaa ya safari. Akiwa anaishi Lafey, umbali ni sababu halali ya kuegemea upasuaji, na si aibu kwa daktari kuiandika sababu hiyo katika faili.

Sasa chukua mzee wa miaka 78 mwenye IPMN ya milimita 12 katika tawi la mfereji, mwenye maradhi ya moyo. Kwake umbali hauhalalishi kisu hata kidogo. Kumpasua ili kumwepushia safari ni kumwingiza katika hatari kubwa kuliko ile anayokimbizwa. Tena hata angepasuliwa, IPMN huweza kuota upya katika sehemu ya kongosho iliyobaki, hivyo ufuatiliaji ungeendelea vilevile.

Upasuaji na maisha baada yake

Kivimbe kikiwa kichwani mwa kongosho, hufanyika upasuaji unaoitwa kwa jina la Allen Whipple, daktari wa New York aliyeutangaza mwaka 1935. Huondolewa kichwa cha kongosho, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, kibofu cha nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo na mara nyingine kipande cha tumbo, kisha vilivyobaki huunganishwa upya. Ni kazi ya saa nyingi. Kivimbe kikiwa mkiani, upasuaji ni mwepesi zaidi, lakini mara nyingi wengu huondolewa pamoja nacho. Hatari inayoogopwa zaidi ni maji ya kongosho kuvuja pale palipoungwa, kwa sababu maji hayo husaga nyama ya mwili kama yanavyosaga chakula.

Mahali pa kupasuliwa ni jambo lisilofaa kuamuliwa kwa ukaribu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa katika hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho mara chache sana, wagonjwa wapatao 16 kati ya 100 walifariki, ilhali katika zilizoufanya kwa wingi walifariki wapatao 4. Nchini Kenya upasuaji huu hufanywa hasa katika hospitali kubwa za rufaa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza timu inayompokea imeufanya mara ngapi mwaka huu. Kabla ya safari ni muhimu mgonjwa ahakikishe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya bima ya NHIF, na ajue ni kiasi gani cha gharama kitakacholipwa na kipi kitabaki juu ya familia.

Aliyeondolewa wengu hupungukiwa na kinga dhidi ya baadhi ya bakteria, hivyo huchanjwa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji. Malaria nayo humjia kwa ukali zaidi. Katika maeneo makavu watu huidharau, lakini mlipuko ulioikumba Wajir mwaka 1998 baada ya mvua za El Nino ulionyesha jinsi inavyoweza kuingia ghafla mahali ambapo watu hawana mazoea nayo. Asiye na wengu anapopata homa hapaswi kusubiri hata usiku mmoja.

Kongosho likipunguzwa, baadhi ya wagonjwa hupata kisukari, na likiondolewa lote kila mgonjwa hukipata. Kisukari hiki kina tabia ya kuishusha sukari ghafla, kwa kuwa homoni inayoipandisha nayo imepotea. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Lafey, suala la saumu ya Ramadhani linahitaji mazungumzo na daktari kabla mwezi haujaandama, na mara nyingi jibu lake huwa ni kutofunga.

Lipo jingine ambalo wahudumu wengi hulipita kimya. Vidonge vya vimeng'enya, ambavyo mgonjwa huvimeza pamoja na chakula ili asiharishe mafuta na kukonda, hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na hakuna mbadala unaopatikana kwa urahisi. Mgonjwa asipoambiwa akaja kuligundua mwenyewe, huvitupa na kudhoofika bila kumweleza mtu. Akielezwa mapema, hupata nafasi ya kumwendea sheikh wake, na wanazuoni wengi huruhusu dawa ya namna hiyo panapokuwa na dharura na mbadala haupo.

Kwa anayefuatiliwa bila kupasuliwa, kitu cha kulindwa kuliko vyote ni kumbukumbu. Picha ya leo haina maana bila ya ile ya mwaka jana, kwa kuwa kinachotafutwa ni mabadiliko. Mgonjwa adai nakala ya picha zenyewe katika diski, pamoja na ripoti yenye ukubwa wa kivimbe kwa milimita, upana wa mfereji mkuu na tarehe. Nakala ya pili ibaki katika hospitali ya rufaa ya Mandera au kwa ndugu asiyehama, kwa sababu familia inayofuata malisho hupoteza karatasi. Namba ya simu iliyoandikwa katika faili nayo iwe ya mtu atakayepatikana siku zote.

Safari hizo zina kikomo. Mwongozo wa Kyoto unaruhusu kufikiria kusitisha picha iwapo IPMN ndogo ya tawini, iliyo chini ya milimita 20, imekaa miaka 5 bila kubadilika. Ule wa Ulaya hauna kikomo hicho cha miaka. Unataka ufuatiliaji uendelee maadamu mgonjwa ana nguvu za kupasuliwa. Siku ambayo uzee au maradhi mengine yamemwondolea uwezo wa kustahimili kisu, picha hazimfai tena, na daktari humwambia asirudi.